Kulala kwa Mafungu: Je, Mwili Huzoea?

Kila muhula unapofika ukingoni, wanafunzi wetu huanza kutafuta saa za ziada. Saa hizo hazipatikani mchana, kwa kuwa mchana una vipindi, kazi za makundi na foleni za Kampala. Kwa hiyo hutafutwa usiku. Wengi hukesha kwa kahawa, kisha hulipa deni mwishoni mwa juma. Lakini wapo waliosoma kwamba kuna njia ya kitaalamu zaidi: badala ya kulala mara moja kwa saa saba au nane, mtu anaugawa usingizi wake katika mafungu madogo madogo, usiku na mchana, hata jumla yake ikawa saa nne, tatu au mbili tu. Inasemwa kwamba anayevumilia wiki tatu au nne za mwanzo mwili wake huzoea, na tangu hapo huwa na saa tano au sita za ziada kila siku ya maisha yake.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza baada ya kipindi cha sintaksia kama kuna ukweli katika jambo hilo, kwani alikuwa ameshaanza na hiyo ilikuwa siku yake ya sita. Katika kipindi hicho hicho alikuwa amesinzia mara mbili. Nilimwahidi jibu la maandishi, na kwa kuwa naamini si yeye peke yake mwenye swali hilo, nimeona niliweke katika jarida letu. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa lugha. Hata hivyo, suala hili linatuhusu sisi wa Kiswahili kwa karibu kuliko inavyodhaniwa, na msomaji ataona kwamba sehemu ya ushahidi wake ilipatikana kwa kutumia msamiati wetu wenyewe.

Istilahi kwanza

Mtu mzima anayelala usiku tu ana usingizi wa fungu moja. Anayelala usiku na kujilaza tena mchana ana mafungu mawili. Anayelala mara tatu au zaidi katika saa 24 ndiye mwenye usingizi wa mafungu mengi, na huyo ndiye tunayemzungumzia. Nimekwepa neno "awamu" kwa sababu usingizi wenyewe, hata ukiwa wa fungu moja, una hatua zake ndani, na istilahi hizo mbili zingegongana. Nimekwepa pia "vipindi", maana kipindi kwetu sisi ni kile cha darasani, ambamo kulala hakuruhusiwi.

Kiswahili hakina umaskini wa maneno katika uwanja huu. Tuna kusinzia, tuna lepe la usingizi, tuna mang'amung'amu kwa ile hali ya mtu aliye nusu macho nusu usingizini, na tuna kulala fofofo au kulala kama pono kwa usingizi mzito. Wanafunzi wetu wanaotoka Rwanda huteleza hapa, kwani gusinzira ya Kinyarwanda ni kulala usingizi hasa, ilhali kusinzia kwa Kiswahili ni kule kudondosha kichwa tu. Tofauti hiyo si ndogo kwa mada yetu. Ratiba nyingi za mafungu humwahidi mtu la kwanza, zikampa la pili.

Ratiba mashuhuri kuliko zote huitwa Uberman. Mwenye kuifuata hulala dakika 20 kila baada ya saa 4: tuseme saa 2 usiku, saa 6 usiku, saa 10 alfajiri, saa 2 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni. Dakika 20 mara 6 ni saa 2 kwa siku nzima. Iko nyingine iitwayo Everyman, yenye huruma kidogo: fungu moja kubwa la saa 3 usiku na mafungu matatu ya dakika 20, jumla saa 4. Ya tatu hunasibishwa na Buckminster Fuller, msanifu wa Marekani anayefahamika kwa majengo yake ya kuba. Gazeti la Time liliandika mwaka 1943 kwamba Fuller alikuwa amelala nusu saa tu kila baada ya saa 6 kwa muda wa miaka miwili, na kwamba aliacha kwa sababu wenzake wa kazini waling'ang'ania kulala kama watu wengine. Habari hiyo ilitokana na maelezo yake mwenyewe. Hakukuwa na mtaalamu aliyekaa kando yake na kumpima. Watetezi wa mtindo huu humtaja pia Leonardo da Vinci, bila ushahidi wa kuaminika.

Kugawa na kupunguza

Kinachochanganya watu, kwa maoni yangu, ni kwamba maneno mawili tofauti yamefungwa katika furushi moja: kugawa usingizi na kupunguza usingizi. Kugawa si jambo geni hata kidogo. Mtoto mchanga hulala kwa mafungu mengi usiku na mchana, na wanyama wengi hulala hivyo maisha yao yote. Lakini mtoto huyo mchanga, ukijumlisha mafungu yake, hufikisha saa 14 hadi 17. Amegawa, hakupunguza.

Mwanahistoria wa Marekani, Roger Ekirch, alionyesha katika makala yake ya mwaka 2001 na kitabu chake cha mwaka 2005 kwamba katika Ulaya ya zamani watu walizungumza kwa kawaida juu ya "usingizi wa kwanza" na "usingizi wa pili". Walilala mapema, wakaamka usiku wa manane kwa saa moja hivi, wakasali, wakazungumza au wakachochea moto, kisha wakalala tena hadi alfajiri. Kabla ya hapo, mwaka 1992, mtafiti Thomas Wehr alikuwa amewaweka watu katika giza la saa 14 kila usiku kwa wiki kadhaa, na usingizi wao ukajigawa wenyewe mara mbili. Tangu hapo watetezi wa mafungu wamekuwa wakisema kwamba kulala mfululizo ni desturi iliyoletwa na viwanda na taa ya umeme.

Hapo ndipo jirani zetu wanapoingia. Mwaka 2015 kundi la watafiti lililoongozwa na Gandhi Yetish lilichapisha matokeo ya kupima usingizi wa jamii tatu zisizotumia umeme: Wahadza wa Tanzania, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Kwa kawaida watu hawa hawakulala usingizi wa kwanza na wa pili. Walikaa macho saa tatu hivi baada ya jua kuzama, kisha wakalala mara moja hadi karibu na mapambazuko. Watafiti hao walitoa hoja kwamba kugawika kwa usingizi wa Wazungu wa kale huenda kulitokana na usiku mrefu wa majira ya baridi. Huku kwetu karibu na mstari wa Ikweta, usiku una saa 12 mwaka mzima, na ndiyo sababu hata saa zetu za Kiswahili zinaweza kuanza kuhesabiwa na jua bila kutuvuruga. Hoja hiyo lakini haikufunga mjadala. Mwaka 2017 David Samson na wenzake waliwapima wakulima wa kijiji kimoja cha Madagaska kisicho na umeme, wakakuta kwamba wao wanaamka usiku na kulala tena.

Samson huyo huyo aliwapima pia Wahadza, watu wazima 33 kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja haukuzidi dakika 18. Karibu wakati wote alikuwapo mmoja aliyekuwa macho au amelala usingizi mwepesi. Kambi ililindwa kwa zamu ambayo hakuna aliyeipanga, wazee wakiwahi kulala na kuwahi kuamka, vijana wakichelewa.

Msomaji makini atauliza: hao waliopimwa na Yetish walilala saa ngapi? Vipimo vilionyesha usingizi halisi wa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na muda wa kujilaza wa kati ya saa 6.9 na 8.5. Wapo wanaozichukua tarakimu za kwanza na kusema kwamba saa nane ni hadithi. Wasisahau tarakimu za pili. Anayesema "nililala saa nane" kwa kawaida huhesabu muda wa kuwa kitandani, si muda wa usingizi. La muhimu kwetu ni kwamba katika jamii hizo zote, waliogawa na wasiogawa, hakuna iliyokuwa ikiishi kwa saa mbili au tatu.

Mitambo miwili

Kwa nini basi mwili usifundishwe? Mtaalamu wa Zürich, Alexander Borbély, alipendekeza mwaka 1982 maelezo ambayo bado ndiyo msingi wa elimu hii. Usingizi unaendeshwa na mambo mawili yanayofanya kazi pamoja.

La kwanza ni uzito wa usingizi unaokusanyika kadiri mtu anavyokaa macho. Ubongo unapofanya kazi, kemikali iitwayo adenosini hurundikana, nasi huanza kusikia usingizi, tukilala, hupungua. Kahawa haiondoi rundo hilo. Huziba tu milango ambayo adenosini hupitia kutoa taarifa, na ikiisha nguvu, taarifa zote hufika pamoja. Sisi tulio katika nchi ya kahawa tungepaswa kulijua hili zaidi ya wengine.

La pili ni saa ya mwili, iliyo katika sehemu ndogo sana ya ubongo juu ya makutano ya mishipa ya macho. Saa hii hufuata mwanga wa jua na kupandisha na kushusha joto la mwili, umakini na homoni kama melatonini katika mzunguko wa takriban saa 24. Si rahisi kuihadaa. Mwaka 1938 Nathaniel Kleitman na mwanafunzi wake Bruce Richardson waliishi siku 32 ndani ya pango la Mammoth huko Kentucky, pasipo jua, wakijaribu kuishi kwa siku yenye saa 28. Richardson, aliyekuwa kijana, aliizoea. Kleitman, aliyekuwa na miaka zaidi ya 40, alishindwa. Joto la mwili wake liliendelea kupanda na kushuka kwa saa 24 kana kwamba jua analiona.

Sasa turudi kwenye ratiba ya Uberman, tutazame lile fungu la saa 2 usiku. Mwaka 1986 mtafiti Peretz Lavie aliwapa watu nafasi ya kulala dakika 7 katika kila dakika 20, usiku na mchana, ili aone ni saa zipi usingizi huja upesi. Aligundua kwamba kati ya saa 2 na saa 4 usiku hivi, muda mfupi kabla ya saa ya kawaida ya kulala, watu walipata usingizi kwa shida sana, hata wale waliokesha usiku uliotangulia. Saa ya mwili hutia bidii yake kubwa wakati huo ili kumweka mtu macho hadi mwisho wa siku. Kwa hiyo anayejilaza saa 2 usiku kwa dakika 20 mara nyingi atatazama dari hadi kengele ilie, na lile la saa 10 alfajiri, wakati mwili uko chini kabisa, atalipita fofofo asisikie kengele.

Kuna jambo jingine. Usingizi wa usiku huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na katika kila mzunguko mtu hushuka kutoka usingizi mwepesi hadi mzito, kisha huingia katika usingizi wa ndoto, ule ambao macho hukimbia huku na huko chini ya kope. Usingizi mzito hujaa zaidi katika sehemu ya kwanza ya usiku, na usingizi wa ndoto karibu na asubuhi. Dakika 20 hazitoshi kukamilisha mzunguko. Watetezi hujibu kwamba ubongo ukibanwa hujifunza kuruka moja kwa moja hadi kwenye hatua zinazohitajika. Ni kweli kwamba mtu aliyenyimwa usingizi huzama upesi kuliko kawaida, lakini hiyo ni dalili ya deni. Mwenye njaa ya siku tatu naye hula upesi.

"Nimeshazoea"

Wafuasi wa ratiba hizi wenyewe hukiri kwamba siku za mwanzo ni ngumu. Husimulia usahaulifu, hasira za ghafla, baridi mwilini, njaa usiku, na kuamka mtu asijue yuko wapi. Wanaoendelea husema kwamba baada ya wiki kadhaa hali hiyo hutulia. Nadhani wengi wao hawasemi uongo. Ndivyo wanavyojisikia. Swali ni kama jinsi mtu anavyojisikia ni kipimo cha kuaminika.

Jibu linalonishawishi zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 2003. Hans Van Dongen na wenzake waliwachukua watu wazima 48 wenye afya na kuwagawa: wengine walale saa 8 kwa usiku, wengine 6, wengine 4, kwa siku 14 mfululizo, na kundi jingine likeshe siku tatu bila kulala. Walipimwa mara kwa mara mchana kwa majaribio ya umakini na kumbukumbu. Waliolala saa 8 hawakubadilika sana. Wale wa saa 6 na saa 4 waliporomoka siku baada ya siku bila kutulia mahali, hata wakafikia hali inayolingana na ya waliokesha usiku mmoja au miwili mizima. Lakini walipoulizwa kama wanasikia usingizi, majibu yao yalipanda siku chache za mwanzo tu, kisha yakasimama. Walidhani wamezoea. Utendaji wao uliendelea kushuka, na kile kilichozoea ni ile hisia ya kuchoka tu.

Tutafakari hilo kwa makini. Kipimo anachotumia mtu kujua kama amefaulu ndicho kinachoharibika kwanza. Mwaka 2021 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi ya Taifa ya Usingizi ya Marekani lilipitia maandishi yote ya kitafiti yaliyopatikana kuhusu usingizi wa mafungu mengi. Halikupata ushahidi kwamba ratiba hizo zinaleta faida zinazodaiwa. Lilipata kwamba kupunguziwa usingizi kunakoambatana nazo kunahusiana na madhara kwa mwili, akili na utendaji, na likashauri zisifuatwe.

Watetezi pia humtaja Claudio Stampi, daktari wa Kiitalia aliyechunguza mabaharia wa mashindano ya kuvuka bahari peke yao. Baharia wa aina hiyo hawezi kulala usiku mzima, kwa kuwa hakuna wa kushika usukani wala wa kutazama meli zinazokuja. Stampi alionyesha kwamba katika hali hiyo mafungu mafupi humsaidia kuliko kukesha. Swali lake lilikuwa hili: mtu asiyeweza kupata usingizi wa kutosha, akigaweje kile kidogo alichonacho? Kuligeuza jibu hilo kuwa ushauri kwa mtu mwenye kitanda na mlango wa kufunga ni kulitumia pasipo mahali pake.

Kiswahili katika maabara ya kumbukumbu

Sasa nifike mahali panaponihusu zaidi. Wanafunzi wetu hupunguza usingizi ili wapate muda wa kukariri: methali, ngeli, istilahi za isimu, msamiati wa matini za kutafsiri. Je, wanachokariri kinabaki?

Tangu mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach walipowapa wanafunzi wawili silabi zisizo na maana wazikariri, ilijulikana kwamba kinachojifunzwa kabla ya kulala husahaulika polepole kuliko kile kinachofuatwa na saa hizo hizo za kuwa macho. Baadaye wanasaikolojia walitafuta kitu kilicho bora kuliko silabi zisizo na maana, wakaangukia Kiswahili. Sababu zao ni rahisi: maneno yetu huandikwa kwa herufi za Kirumi, husomeka kama yalivyoandikwa, na mwanafunzi wa kawaida wa Marekani au Ulaya hayajui hata moja. Mwaka 1994 Nelson na Dunlosky walichapisha orodha ya maneno 100 ya Kiswahili na tafsiri zake za Kiingereza, yakiwa yamepimwa ugumu wake, na tangu hapo orodha hiyo imetumika katika majaribio mengi ya kumbukumbu. Neno "mashua" limekaririwa na vijana wasiojua bahari yetu iko upande gani.

Miongoni mwa majaribio ya aina hiyo, moja linatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2016 Stéphanie Mazza na wenzake huko Ufaransa waliwafundisha watu wazima Wafaransa jozi 16 za maneno ya Kifaransa na Kiswahili, katika vikao viwili vilivyoachana kwa saa 12. Kundi moja lilijifunza asubuhi na kurudia jioni ya siku hiyo hiyo. Jingine lilijifunza jioni, likalala, likarudia asubuhi. Waliolala kati ya vikao walikumbuka maneno mengi zaidi waliporudi, na ili kuyajua yote 16 tena walihitaji takriban nusu ya marudio waliyohitaji wenzao. Walipopimwa baada ya wiki moja, na tena baada ya miezi 6, tofauti ilikuwa bado ipo.

Mwalimu wa lugha ana haki ya kulalamika kidogo hapa. Jozi 16 za maneno pweke, bila ngeli, bila upatanisho wa kisarufi, bila sentensi, si Kiswahili. Nakubali. Lakini mwanafunzi anayekesha kabla ya mtihani wa msamiati anafanya kazi ile ile ya wale Wafaransa, tena kwa orodha ndefu zaidi. Tukimwambia kwamba saa zake za usingizi ndizo zitakazompunguzia nusu ya marudio, tunamwambia jambo la hesabu, si la malezi. Dakika 40 za kukariri saa 3 usiku, usingizi wa usiku mzima, na dakika 20 za kurudia alfajiri, ni mpango ambao naweza kuutetea mbele ya mtu yeyote.

Asiye na usiku mzima

Wapo kati yetu ambao hawana anasa ya kuchagua. Nawafikiria wanafunzi wa masomo ya jioni wanaolinda mageti usiku, wauguzi walio zamuni, kina mama wenye watoto wachanga, na wenzetu Waislamu katika mwezi wa Ramadhani, ambao husali tarawehe usiku, huamka kula daku na kulala tena baada ya alfajiri. Hawa wanalala kwa mafungu kwa lazima au kwa ibada, na maneno yote niliyoandika hapo juu yasiwatie hofu. Kanuni yao ni ile ile: gawa, lakini usipunguze. Ukikatiwa usiku, rudisha mchana. Kujilaza adhuhuri, kile ambacho Waislamu hukiita kailula, kuna kazi yake.

Kwa walio na zamu zinazobadilika kuna utafiti wa Waingereza wawili, Minors na Waterhouse, wa mwaka 1981, ambao ningependa ujulikane zaidi. Walionyesha kwamba mtu akilala angalau saa 4 kwa wakati ule ule kila siku, na saa 4 nyingine wakati wowote anapoweza, saa ya mwili wake hubaki imetulia. Waliuita usingizi huo wa saa 4 kwa jina la nanga, na kwa Kiswahili jina hilo linakaa bila kulazimishwa. Mlinzi anayetoka kazini saa 12 asubuhi na ana kipindi saa 11 jioni anaweza kuweka nanga yake kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana, siku ya kazi na siku ya mapumziko, kisha akaongeza saa zilizobaki mchana siku za kazi na usiku siku asizokwenda.

Kwa wengine wenye usiku mzima, fungu la pili la mchana linafaa, mradi lisiwe badala ya usiku. Lifanyike kati ya saa 7 na saa 9 mchana, ambapo umakini hushuka kwa asili, na lisizidi dakika 20 hadi 30. Ukilipita hapo utaingia usingizi mzito na kuamka mang'amung'amu. Katika utafiti wa NASA uliotolewa ripoti mwaka 1994, marubani wa safari ndefu walipewa nafasi ya dakika 40 kupumzika kwa zamu; kwa wastani walilala dakika 26 na walikuwa makini zaidi kuliko wenzao wasiopewa nafasi hiyo.

Wasijaribu kabisa kupunguza usingizi wenye kifafa, kwa kuwa kukosa usingizi huweza kuleta degedege, wala waliowahi kuugua maradhi ya akili yenye vipindi vya msisimko mkubwa. Na yeyote anayeendesha pikipiki ajue kwamba kukaa macho saa 17 mfululizo humfanya awe mzito wa kutenda kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Wanafunzi wetu kadhaa hulipa karo kwa bodaboda, na abiria wao hawajui dereva alilala lini.

Liko pia jambo la upande wetu sisi walimu. Tumekuwa na desturi ya kupokea kazi za wanafunzi hadi saa 6 usiku, kisha kuweka jaribio la msamiati saa 2 asubuhi ya kesho yake. Kwa muhula ujao nimehamisha mwisho wa kupokea kazi zangu hadi saa 12 jioni, na majaribio ya msamiati nimeyasogeza hadi saa 4 asubuhi. Wenzangu wanaotaka kulijadili hilo kabla ratiba ya idara haijachapwa wanikute ofisini, isipokuwa kati ya saa 7 na saa 7 na nusu mchana.